SOMO LA ROBO HII: KUHESABU POMBOO



Hapa Mwera wengi wetu ni watu wa minazi na mkonge, lakini kitoweo chetu hutoka Ushongo na Kipumbwi. Kwa hiyo habari za baharini ni zetu pia.

Mbele ya Ushongo lipo Eneo Tengefu la Maziwe, linalohifadhiwa tangu mwaka 1975. Wazee wanakumbuka kisiwa chenye mivinje. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Pande hizo wavuvi hukutana na pomboo, na kati ya Julai na Novemba nyangumi hupita wakitoka bahari ya baridi ya kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto.

Pomboo si samaki. Anavuta hewa kama sisi na kunyonyesha mtoto. Akinaswa katika jarife usiku, hawezi kupanda juu kupumua, na hufa humo humo. Jike huzaa mtoto mmoja tu, mimba huchukua karibu mwaka mzima, kisha hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Wakifa wachache kila mwaka, pengo halizibiki upesi.

Je, wamebaki wangapi? Mfano wa karibu ni Kizimkazi, Unguja, ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai. Huko pomboo waliwindwa kwa chusa hadi mwaka 1996 ili wawe chambo cha papa. Watafiti walitoka na boti msimu hadi msimu wakipiga picha mapezi ya mgongoni. Kila pezi lina mikato na makovu yake, kama alama ya kidole. Pezi lililopigwa picha mwaka huu likionekana tena mwaka ujao, hesabu hufanyika. Kati ya 1999 na 2002 walikadiria pomboo 136 hadi 179 wa aina moja, na wa aina ya pili, wenye nundu, 58 hadi 65 tu. Ni wachache kuliko watu wa kitongoji kimoja!

Kazi hii hufuata upepo. Kusi ikivuma, mawimbi huvunjika meupe na pezi halionekani. Bahari ikitulia, hata mtoto wa pomboo huonekana kwa mbali. Mvuvi anajua hayo bila kufundishwa.

Wapo wanaosema pomboo anatumalizia samaki. Manung'uniko haya yasipuuzwe, maana njaa ni kitu cha kweli. Watafiti wa Zanzibar walipasua matumbo ya pomboo 26 waliokufa nyavuni kati ya 2000 na 2002. Walikuta aina 50 za samaki na aina 3 za ngisi. Chakula kikuu cha pomboo wazima kilikuwa mkunga mdogo akaaye chini kwenye tope, ambaye sijapata kumwona mnadani.

Tuangalie hapo: matumbo hayo yalipatikana kwa sababu mizoga haikufichwa. Mvuvi anayeogopa kukamatwa hukata wavu gizani na kunyamaza, na kifo hicho hakiandikwi popote. Kwa maoni yangu, kiongozi akipokea taarifa kwa ukali, ya pili haitaletwa.

Vikundi vyetu vina Waislamu na Wakristo. Kisiwani Misali, Pemba, wavuvi walifundishwa uhifadhi kwa kutumia Kurani. Wakristo wasome Mwanzo sura ya kwanza. Biblia yetu ya Kiswahili inawataja nyangumi kwa jina, siku ya tano, kabla ya mwanadamu.

Kazi ya kikundi: mwalikeni nahodha mmoja mzee. Mwulizeni ni miezi gani huona pomboo wenye watoto, na wapi. Katibu aandike mwezi, upepo, mahali na idadi. Kisha mjadili: mwenzetu akimkuta pomboo amekufa katika jarife lake kesho alfajiri, atamwambia nani kwanza, na huyo atamjibu nini?