Springi na Shokapu za Gari la Umeme

Ukipanda baiskeli kwenye barabara ya mashimo, mwili wote hutikisika. Baiskeli nyingi hazina springi. Gari linazo. Leo tujifunze kazi yake katika gari la umeme la familia.

Gari la umeme halina injini ya petroli. Huendeshwa na mota inayopata nguvu kutoka betri kubwa. Betri hiyo hulazwa chini ya sakafu. Mfano ni Nissan Leaf, gari la Japani lililoanza kuuzwa mwaka 2010. Betri ya Leaf za kwanza ina uzito wa karibu kilo 300. Huo ni kama uzito wa magunia matatu ya mahindi. Springi hubeba uzito huo hata gari likiwa halina abiria.

Springi ni chuma kilichozungushwa. Gurudumu likipanda jiwe, springi hujibana, kisha hujinyoosha. Hivyo abiria hawaumii. Lakini springi peke yake ingelirusha gari juu na chini kwa muda mrefu. Kwa hiyo iko shokapu. Shokapu ni bomba lenye oili na pistoni. Oili hupita kwa shida katika matundu madogo, na mtikisiko hutulia upesi.

Mbele ya Leaf, kila gurudumu lina springi na shokapu zilizounganishwa pamoja. Katika Leaf za kwanza, magurudumu ya nyuma yameunganishwa kwa boriti ya chuma inayoweza kujipinda kidogo. Mpango huu ni rahisi, na haugharimu sana.

Uzito ukiwa chini una faida. Gari halipinduki kwa urahisi kwenye kona. Lakini uzito una hasara pia. Mashimo huchosha mapema tairi na shokapu.

Shokapu mbovu ni hatari. Gurudumu hurukaruka, na tairi haishiki barabara vizuri. Dereva akifunga breki, gari huchelewa kusimama. Mtoto akikatiza barabara, hatua mbili tu zaweza kuwa uhai au kifo.

Tazama dalili hizi:
1. Oili inavuja kwenye shokapu.
2. Tairi imelika mabakamabaka.
3. Gari linaendelea kunesa baada ya kupita tuta.

Ukiona dalili hizo, mwite fundi. Kumbuka mambo haya:
1. Badilisha shokapu mbili pamoja, ya kushoto na ya kulia.
2. Jaza upepo kwa kipimo cha kiwanda.
3. Jeki isiwekwe chini ya betri. Iwekwe mahali palipoonyeshwa na kiwanda.
4. Usiguse nyaya nene za rangi ya machungwa. Umeme wake unaweza kuua.

Maswali
1. Kwa nini springi peke yake haitoshi?
2. Uzito wa betri una faida gani, na hasara gani?
3. Jirani yako anataka kununua gari la umeme lililotumika. Utamshauri aangalie nini kabla ya kutoa fedha zake?