Mashine Ikianguka, Nakili Kwanza

Haya ni kwa mafundi na wenye saiba, kuanzia Makutano mjini Meru, kupitia Nkubu na Chuka, mpaka Embu. Mmezoea kupiga fomati. Mashine inawaka, mteja analipa, kisha inarudi na ugonjwa uleule.

Fanya

Piga picha skrini ya buluu. Msimbo wa kosa na jina la faili vionekane vyote. Julai 19, 2024, sasisho bovu la CrowdStrike lilipoangusha mashine kama milioni 8.5 za Windows, jina csagent.sys kwenye skrini ndilo lililoelekeza mafundi.

Subiri asilimia ifike 100. Windows humwaga yaliyokuwa kwenye RAM ndani ya pagefile, na ikiwaka tena ndipo huandika C:\Windows\MEMORY.DMP. Najua foleni ya iTax ya Juni 30 ilivyo. Hata hivyo, ukichomoa waya katikati, umefuta ushahidi kwa mkono wako.

Nakili faili hiyo pamoja na folda ya Minidump kwenye flashi kabla ya kugusa kitu kingine. Nafasi ya diski ikiwa chini ya GB 25, Windows yenyewe huweza kuifuta MEMORY.DMP, na laptopu za mtumba zenye SSD ya GB 128 hujaa upesi.

Fungua Event Viewer, tafuta Kernel-Power 41. BugcheckCode ikiwa 0, hakuna skrini ya buluu iliyorekodiwa: huenda stima ilipotea, pawasaplai ni mbovu, au mashine iliganda mtu akaizima kwa nguvu. Huku kwetu anza na stima.

Usifanye

Usipige fomati kabla ya kunakili. Hili halina mjadala.

Usiendeshe Disk Cleanup. Huweza kufagia MEMORY.DMP na Minidump pia.

Usizime pagefile eti kuongeza spidi.

Usirushe MEMORY.DMP kwenye kundi la WhatsApp la mafundi. Ndani yake mnaweza kuwa na nywila, namba za vitambulisho na PIN za KRA za watu waliokuamini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata kama duka lako ni kibanda. Mpe fundi mmoja unayemjua, kwa flashi, na mteja aambiwe.

Usiandike "Windows mbovu" kwenye daftari. Andika saa, programu iliyokuwa wazi, kifaa kilichochomekwa, na kama taa ziliyumba.