Swali la Tisa Halisubiri Mwisho wa Utafiti
Kijitabu cha elimu kwa wanaohojiwa na wanaohoji kuhusu afya ya akili

Malalamiko yamezidi. Wananchi wanapiga simu, wengine wanafika ofisini wenyewe: nimeulizwa mambo ya moyoni mwangu, mdadisi akaandika, akashukuru, akaenda zake. Kamati hii ya maadili ya utafiti imeyapokea yote na kuyafanyia kazi kwa kasi ambayo, tuseme bila kujisifu sana, haijazoeleka katika ofisi za umma. Msomaji asiyetuamini anaruhusiwa. Asome hivyo hivyo.

Tafiti nyingi za sonona hutumia dodoso la maswali tisa, ambalo watafiti hulijua kama PHQ-9. Unaulizwa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona hufai. Kila jibu lina alama, kuanzia 0 kwa asiyepatwa na hali hiyo kabisa hadi 3 kwa anayepatwa nayo karibu kila siku. Jumla haizidi 27, na kwa kawaida 10 ndiyo alama ya kuanza kushtukia. Swali la tisa linauliza kama umekuwa ukiwaza kwamba heri ungekufa, au ujidhuru. Hilo ndilo linalotunyima usingizi.

Tazama linavyoulizwa huko tunakolalamikiwa. Mdadisi amekaa barazani, kishikwambi mapajani. Wifi wa mhojiwa anachambua mchele hatua tatu kutoka hapo. Mama anajibu haraka haraka, akifika la tisa ananyamaza, kisha anasema kwa sauti ya chini: zaidi ya nusu ya siku hizo. Mdadisi anabonyeza 2. Kioo kinaleta ukurasa mwingine, naye anauliza nyumba imeezekwa kwa mabati au kwa nyasi.

Hilo ni kosa. Tunarudia: ni kosa, hata kama fomu ya ridhaa imesainiwa na kibali cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kimo mkobani. Ile 2 itakaa kwenye kompyuta ya mjini miezi kadhaa, mpaka mchambuzi aifungue na kuitafutia wastani.

Utaratibu ni huu. Jibu lolote la swali la tisa lililozidi 0, hata likiwa 1, linasimamisha dodoso. Mdadisi aweke kishikwambi chini, awaombe walio karibu wapishe, aulize kwa upole kama mawazo hayo yapo leo na kama nyumbani yupo mtu wa kukaa naye. Yakiwa yapo, asimwache peke yake. Ampigie msimamizi wake papo hapo, asingoje jioni wakati wa kutuma taarifa. Msimamizi awe na jina la muuguzi au daktari aliyekubali mapema kupokea watu, na nauli ya kufika kwake iwe imo kwenye bajeti. Utafiti usio na jina hilo wala nauli hiyo usiulize swali la tisa. Dodoso la maswali nane lipo, linakubalika, na linapima sonona vizuri tu.

Dodoso la kujaza kwenye simu bila jina lina balaa lake: siri imelindwa kiasi kwamba hata anayetaka kusaidia hajui amsaidie nani. Hapo maelezo ya mahali pa kupata msaada yatokee pale pale baada ya jibu. Yakiwekwa mwisho, nani atayafikia?

Wapo watafiti wanaojitetea kwamba kumuuliza mtu ni kumpa wazo. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kauli hiyo kuwa imani potofu, na kamati haitaisikiliza tena.

Mhojiwa naye ana sababu ya kuficha. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Sheria inazungumzia jaribio, haizungumzii mawazo. Lakini ukimuuliza mtu maswali haya huku mwenyekiti wa mtaa amekaa pembeni, utaambiwa hapana kuanzia la kwanza hadi la mwisho, kisha utatangaza kwamba mtaa una furaha. Kazi ya mwenyekiti ni kumtambulisha mdadisi. Akishamtambulisha, aage.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, zinazohitaji ridhaa ya maandishi. Fomu iseme wazi, kabla ya swali la kwanza, kwamba siri ina mpaka: maisha yako yakiwa hatarini, mhudumu wa afya ataambiwa. Ukisikia ahadi ya siri isiyo na mpaka, kataa kusaini.

Wanaoruhusiwa kuridhia wenyewe ni wa miaka 18 na kuendelea; chini ya hapo mzazi aridhie na mtoto akubali; wafungwa, waliolazwa na wengineo wana masharti yao, muulize mtafiti.

Kama wewe unayesoma una mawazo hayo leo, usimngoje mdadisi. Mwambie mtu unayemwamini akusindikize kituo cha afya kilicho karibu.

Fomu ya ridhaa ina nakala mbili, na moja ni yako. Humo mna namba ya simu ya kamati iliyotoa kibali. Mdadisi akiondoka nazo zote mbili, mwite arudi.