Vespa imeanguka? Anzia hapa

Kabla ya kushika spana, funga koki ya petroli na nusa. Ukisikia harufu, isukume Vespa nje, mbali na jiko.

Usihangaike kwanza na mikwaruzo. Vespa ya zamani haina fremu ya mabomba kama pikipiki. Bodi yake ya bati ndiyo fremu. Simama mbele, nyoosha usukani, kisha tazama: gurudumu la mbele liko sawa na la nyuma? Usukani unageuka pande zote bila kukwama? Foko iliyopinda au bati lililojikunja chini ya usukani mpelekee fundi wa kuaminika. Hilo si la kupigia nyundo uani.

Mkono wa breki wenye ufa, hata mdogo, badilisha, usiuchomelee. Zungusha pia mshiko wa kushoto, upitie gia zote, maana waya zake huvutika usukani unapogonga chini.

Rimu ikibonyea, toa upepo wote kabla ya kulegeza nati zinazounga vipande vyake viwili. Tairi likiwa limejaa, vinaweza kukufyatukia usoni.

Rangi itasubiri. Jaribu breki kwanza, polepole, pasipo na watoto.