Sayansi Jikoni: Aisingi ya Maziwa Lala Isiyo na Sukari

Najua wengi wenu mkisikia neno aisingi mnafikiria harusi za mjini. Mimi pia sikuwahi kuitengeneza hadi likizo ya Desemba iliyopita.

Nyanya yangu ana ugonjwa wa kisukari. Krismasi ya mwaka juzi alikula vipande viwili vya keki kwa siri, na usiku ikabidi tumkimbize hospitalini kwa pikipiki. Tangu siku hiyo, keki ikikatwa yeye huondoka akaketi chini ya mwembe, akijifanya anaangalia kuku. Jambo hilo lilinichoma moyo.

Aisingi ya jibini laini huwa tamu kupita kiasi. Katika mapishi mengi, gramu 225 za jibini hutiwa sukari ya unga gramu 450, yaani sukari ni maradufu ya jibini! Tena jibini lenyewe sijaliona hapa sokoni Asumbi. Lakini maziwa lala yapo tele.

Basi nilinunua lita 2 za maziwa lala mazito, yasiyotolewa mafuta. Nilichemsha kitambaa cheupe cha pamba, nikakitandaza ndani ya chujio, nikamimina maziwa, nikafunga ncha na kuning'iniza usiku kucha juu ya sufuria. Asubuhi maji ya kimanjano yalikuwa yamejaa chini na kitambaani mlikuwa na jibini laini, kama vikombe viwili hivi. (Maji hayo msiyamwage. Mama aliyatumia kukandia unga wa chapati.)

Wenzangu wa Kemia watauliza sukari ilienda wapi. Maziwa ya ng'ombe yana sukari ya asili iitwayo laktosi, takriban gramu 5 katika kila gramu 100. Bakteria wanaogandisha maziwa hugeuza sehemu yake kuwa asidi. Asidi hiyo huzifanya protini zishikane, na maji yanapodondoka huondoka na laktosi nyingi iliyosalia. Kitambaani hubaki hasa protini na mafuta.

Sasa nisikieni, kwa maana hapa ndipo nilipoharibu mambo. Siagi niliiyeyusha kwenye jiko la makaa nikaimwaga ikiwa moto. Loo! Mchanganyiko ukakatika, mafuta yakaelea juu na jibini likawa chembechembe kama uji uliokorogwa vibaya. Kazi ya usiku mzima ikaishia kwenye bakuli la mbwa. Nililia, sioni haya kusema.

Mara ya pili siagi gramu 125 niliiacha ilainike yenyewe, nikaipiga kwa mwiko mpaka ikapauka, kisha nikaongeza jibini kijiko baada ya kijiko. Nikatia vanila, chumvi kidogo sana na ganda la limau lililokwaruzwa. Friji hatuna, kwa hiyo bakuli nililiweka ndani ya beseni la maji kutoka kwenye dapi. Maji yanayopenya kwenye udongo wa dapi huvukizwa na kuondoka na joto, ndiyo maana yanayobaki huwa baridi. Baada ya saa moja aisingi ilikuwa imeshika.

Ingekuwa upuzi kuipaka juu ya keki ya ngano, maana ngano imejaa wanga. Nilioka keki nyembamba ya mayai na njugu karanga zilizosagwa, ndani ya sufuria, makaa mengine juu ya kifuniko.

Nyanya alionja kwa ncha ya ulimi. "Nyakwara, mbona haina sukari?"

"Ndiyo dawa yake, Dani."

Akala kipande kimoja. Mama alimpima kabla ya kula akapata 7.4, na saa mbili baadaye 8.1. Mwalimu wetu wa Biolojia asema kipimo cha siku moja hakithibitishi kitu, nami nakubali. Dawa zake anaendelea kumeza kama kawaida.

Ila mwaka huu ameshaniuliza mara tatu kama maziwa lala yamenunuliwa, na Desemba bado iko mbali.