KUPE ANAKAA WAPI, NA KWA SABABU GANI?

Somo kwa wafuga ng'ombe wa Mukumu na wa skimu za Lugari



Watu wengi wa skimu za Lugari wana makao mawili. Shamba liko huko skimu, na nyumba ya wazee iko Mukumu, au Khayega, au Shinyalu. Kwa hiyo ng'ombe hutembea. Mtamba hupelekwa kwa mama ili apate maziwa. Ng'ombe wa mahari hutoka huku kwenda kule. Fahali wa kupigana huletwa uwanjani kutoka mbali.

Katika safari hizi watu huona jambo linalowashangaza. Mtamba wa gredi ananunuliwa katika nchi ya juu yenye baridi. Ni mnene, ana afya, na bei yake ni kubwa. Anafika Mukumu, na katika wiki ya tatu amekufa. Lakini ndama wa kienyeji aliyezaliwa katika boma lile lile yu hai na anaruka ruka. Hapo watu husema ni jicho baya, au husema mwuzaji alidanganya. Mara nyingi si hili wala si lile. Sababu ni kupe mmoja mdogo, na hali ya hewa ya mahali anapokaa. Tusome habari zake.

1. Kupe huyu ni nani?

Ni kupe wa rangi ya kahawia ambaye akiwa mkubwa hupenda kukaa ndani ya sikio la ng'ombe. Yeye ndiye aletaye ndigana kali. Katika maisha yake hula mara tatu tu, na kila mara juu ya mnyama mwingine. Kwanza akiwa mdogo sana mwenye miguu sita. Kisha akiwa wa umri wa kati. Mwisho akiwa mkubwa. Kila akishiba huanguka chini, hujificha katika majani na kubadilika umbo, kisha hupanda juu ya jani kungoja mnyama mwingine.

Hawi na ugonjwa tangu kuzaliwa. Huupata akila damu ya ng'ombe mwenye vijidudu vya ndigana, na huupitisha anapokula safari ifuatayo. Akishika sikio, kwa kawaida hupitisha ugonjwa baada ya siku tatu au nne. Kumbuka siku hizo, maana zitatufaa mbele.

Sasa angalia jambo kubwa. Sehemu kubwa sana ya maisha yake kupe huyu hayuko juu ya ng'ombe. Yuko chini katika nyasi. Kwa hiyo anayeamua kama ataishi au atakufa si ng'ombe peke yake. Ni jua, mvua, baridi na majani ya mahali pale.

2. Kila kiumbe kina mipaka yake

Jambo hili si geni kwako. Wajua kwamba chai haioti Turkana. Wajua kwamba mahindi ya Katumani yalitengenezwa kwa nchi kavu, na mahindi ya H614 kwa nchi ya juu yenye mvua. Mtu akiyabadilisha atavuna hasara. Kupe naye ni hivyo hivyo.

Jua kali likikausha nchi, mayai yake na watoto wake hukauka na kufa. Baridi ikizidi, mayai hukawia kuanguliwa na kupe wachanga hukawia kukua, hata wengi hufa kabla ya kupata mnyama. Mahali pasipo majani, kama uwanja uliolishwa mpaka ukawa udongo mtupu, hapati kivuli wala unyevu. Anapopenda ni nchi yenye joto la kiasi, mvua ya kutosha, na nyasi zenye kifuniko.

Mukumu iko kama mita 1,500 juu ya bahari, karibu na msitu wa Kakamega. Mvua ya eneo hilo hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi mikavu kabisa ni michache. Kwa kupe, hiyo ni nyumba iliyokwisha kupangwa. Huko kusini mwa Afrika, ambako baridi na ukavu hubadilishana, kupe hawa hupata kizazi kimoja tu kwa mwaka. Huku kwetu karibu na Ikweta huzaa mwaka mzima. Lugari hupata mvua pungufu kuliko Mukumu, na kiangazi chake ni kirefu zaidi. Kwa hiyo usitegemee kwamba kupe watakuwa sawasawa pande zote mbili katika kila mwezi.

3. Wataalamu huchoraje ramani ya kupe?

Hakuna serikali iwezayo kutuma watu kutazama kila sikio la kila ng'ombe katika Afrika. Kwa hiyo wataalamu hutumia hesabu. Njia zao ni mbili.

Njia ya kwanza ni kuanza na mahali ambapo kupe amekwisha kuonekana. Huandika kila mahali hapo, kisha huuliza: mvua yake ni kiasi gani? Joto lake? Baridi yake? Wakipata mipaka, hutafuta katika ramani mahali pengine pote penye hali kama hiyo na kupapaka rangi.

Njia ya pili ni kuanza na kupe mwenyewe. Hujifunza ni joto gani humkuza na ukavu gani humwua. Hesabu yake ni kama daftari lako la shamba. Wiki zenye joto na unyevu mzuri ni mapato. Wiki za baridi kali, joto kali, ukavu au maji mengi mno ni matumizi. Mwisho wa mwaka hutazama kilichobaki. Kama hakuna salio, kupe hawezi kudumu hapo.

Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Australia, Robert Sutherst na Gunter Maywald, walieleza programu ya kompyuta ya kufanya hesabu hiyo. Jina lake ni CLIMEX. Kila mahali hupewa namba kutoka 0 mpaka 100. Mwaka 1990 Brian Perry na wenzake wa maabara ya ILRAD, iliyokuwa Kabete, Nairobi, walitangaza kazi yao ya kuitumia programu hiyo kwa kupe wetu huyu katika Afrika nzima. Walitumia pia habari za majani zilizopigwa na setilaiti.

4. Ramani ilifundisha nini?

Sehemu kubwa ya ramani ilikubaliana na yale yaliyojulikana. Lakini palikuwa na ajabu moja. Hesabu ilionyesha kwamba nchi ya juu ya Ethiopia ingemfaa sana kupe huyu. Lakini kupe mwenyewe huko hakuonekana.

Je, hesabu ilikosa? La. Hali ya hewa hufungua mlango tu; haimbebi mgeni mpaka ndani. Ili kupe afike mahali, lazima abebwe na mnyama, na wafike kupe wa kutosha kuzaliana. Kwa hiyo ramani husema mahali anapoweza kuishi, wala si lazima awe yupo leo. Mahali panapomfaa naye hayupo ndipo pa kulindwa zaidi.

Historia inatuonya. Katika mwaka 1901 ng'ombe walisafirishwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki mpaka Beira, wakapelekwa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Kupe wa kahawia alikuwa yuko huko tayari, kwa kuwa hali ya hewa ilimfaa. Kilichokosekana kilikuwa ugonjwa. Ng'ombe wale waliuleta, na mwaka 1902 ukafika Afrika ya Kusini. Ng'ombe walikufa kwa wingi mno. Mwaka 1904 Charles Lounsbury alionyesha kwamba kupe huyu ndiye anayeupitisha. Majosho, nyua na sheria za kuzuia ng'ombe zilifanya kazi miaka mingi, hata ugonjwa ukakomeshwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1950. Jina la Kizungu la ugonjwa huu, homa ya Pwani ya Mashariki, latoka katika msiba huo.

5. Kwa nini mtamba afe na ndama apone?

Sasa twaweza kujibu. Mahali ambapo kupe wako mwaka mzima, ndama huumwa wangali wadogo. Wengine hufa. Wanaopona hupata kinga. Usidhani bei hiyo ni ndogo. Kutoka mwaka 2007 wataalamu walifuata ndama 548 wa kienyeji katika Magharibi ya Kenya, upande wa Busia. Kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kama 16 katika kila 100 walikuwa wamekufa, na ndigana kali ilikuwa mwuaji wa kwanza.

Lakini mtamba aliyekulia mahali pasipo kupe hana kinga yo yote. Kuumwa kwake kwa kwanza kwaweza kuwa kwa mwisho. Tena, ng'ombe wa gredi ni dhaifu mbele ya ugonjwa huu kuliko wa kienyeji.

Hatari nyingine iko mipakani mwa nchi ya kupe. Huko, miaka mikavu au ya baridi kupe hupungua, na ng'ombe hukua bila kinga. Ukija mwaka mmoja wa mvua nzuri, kupe hurudi na kuwakuta ng'ombe wazima wote hawana ulinzi.

Na mipaka yenyewe yasogea. Dunia imepata joto zaidi ya digri moja tangu miaka ya 1850 mpaka 1900. Ukipanda mlima mita 1,000, joto hupungua kama digri sita. Fanya hesabu: digri moja ni kama mita 167. Mahali ambapo baridi ilikuwa ua wa kumzuia kupe, ua huo unapanda mlima polepole. Mkulima wa juu asiseme, "Babu hakuwa na kupe, nami sitakuwa nao."

6. Ufanye nini?

(a) Kabla ya kununua au kuhamisha ng'ombe, uliza alikulia wapi. Je, huko kuna kupe? Alipata chanjo? Pata kibali cha kumhamisha kutoka ofisi ya mifugo.

(b) Mwulize daktari wa mifugo habari za chanjo ya ndigana kali. Msingi wake uliwekwa Muguga, na ng'ombe huchanjwa pamoja na kupigwa sindano ya dawa. Ifanywe mapema kabla ya safari. Lakini chanjo hii haizuii kupe wala magonjwa yao mengine, kama ndigana baridi.

(c) Ogesha au nyunyiza dawa kwa siku zilizopangwa, wala usiruke. Kumbuka zile siku tatu au nne. Changanya dawa kama ilivyoandikwa, na hakikisha inaingia ndani ya masikio.

(d) Mgeni wa gredi umlishe zizini. Majani ya kukatwa yasitoke mahali wanapolisha ng'ombe wa kijiji.

(e) Ukiona tezi chini ya sikio imevimba, ng'ombe ana homa, anakohoa au anahema kwa shida, mwite daktari siku hiyo hiyo. Dawa ipo, lakini husaidia ikitolewa mapema.

7. Kazi ya mwezi huu

Ramani ya wataalamu ina kasoro moja. Kipande kimoja cha ramani chaweza kumeza kilima, bonde na mashamba mengi, na yako ndani yake. Kwa hiyo tengeneza hesabu yako mwenyewe. Chukua daftari, upige mistari upate nafasi tatu: tarehe, mvua ya wiki, na idadi ya kupe. Kila Jumamosi, kabla ya kuogesha, hesabu kupe katika masikio ya ng'ombe watano, uandike. Ndugu yako wa Mukumu afanye vivyo hivyo. Mwaka ukiisha wekeni madaftari pamoja. Mtaona ni mwezi gani kupe huzidi huku na mwezi gani huzidi kule, na mtajua ni wakati gani mtamba asitoke nyumbani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini hali ya hewa humgusa kupe kuliko ng'ombe?
2. Ramani ikisema mahali panamfaa kupe, naye hayupo, tufanye nini?
3. Mtamba wako wa gredi anakwenda kwa mama Mukumu mwezi ujao. Taja mambo matatu utakayofanya kabla hajatoka.