Dawa za kiungulia na dawa za sonona: mfamasia anajibu

Nameza omeprazoli asubuhi na esitalopramu usiku. Si nimezitenganisha?

Barua za swali hili ni nyingi, nazijibu zote kwa pamoja: hujazitenganisha. "Pishanisha saa mbili" umekuwa wimbo wa kila dirisha la duka la dawa, na hapa haufai kitu. Dawa hizi hazigombani tumboni. Zinakutana kwenye ini, ambako kimeng'enya kiitwacho CYP2C19 huvunja esitalopramu na ndugu yake sitalopramu ili mwili uziondoe. Omeprazoli hukizuia kimeng'enya hicho, na kizuizi hakiishi kidonge kikishasagika. Usiku unapomeza dawa yako ya sonona, kazi bado imelala. Omeprazoli ya miligramu 30 kwa siku hupandisha esitalopramu kwenye damu kwa takriban asilimia 50. Simetidini huipandisha kwa takriban asilimia 70. Dozi ni ileile kwenye pakiti, lakini mwilini si ileile tena.

Kwa sitalopramu, anayetumia omeprazoli au simetidini asizidishe miligramu 20 kwa siku. Ikizidi, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Ukizimia ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Basi niache mojawapo?

Usithubutu peke yako. Dawa ya sonona ikikatwa ghafla huleta kizunguzungu na usingizi wa kuwewesekawewese­ka. Daktari anaweza kupunguza dozi, au kukuhamishia pantoprazoli, ambayo hukigusa kimeng'enya hicho kidogo tu. Na kuna wanaoihitaji hasa dawa ya asidi: ukichanganya esitalopramu na diklofenaki ya mgongo, hatari ya tumbo kuvuja damu hupanda.

Na magnesi ya kutafuna?

Haikigusi kimeng'enya hicho.

Natumia amitriptilini.

Epuka simetidini. Mdomo ukikauka kupita kawaida, usingizi ukizidi au mkojo ukagoma, sema mapema.

Daktari hakuniuliza kama natumia dawa ya tumbo.

Wala wewe hukumwambia, kwa kuwa unaihesabu kama peremende. Wengi huja na bahasha ya kaki iliyoandikwa "1 x 2", jina la dawa hakuna, nao wameimeza mwaka mzima. Anayekuuzia aandike jina. Akikataa, nunua kwingine. Omeprazoli ya muda mrefu hushusha pia madini ya magnesi mwilini, jambo linalouongezea moyo mzigo uleule.

Kuna mzee ana chupa inayotibu vidonda na mawazo kwa pamoja.

Mwulize ndani mna nini. Akikujibu, niandikie.